Mchungwa wa Korongoni

Semboja alikuwa na michungwa sitini, na alikuwa na ufagio. Niwaambie mapema kwamba ufagio ndio aliokuwa akiupenda zaidi.

Shamba aliachiwa na baba yake, upande wa Muheza, kwenye mteremko unaoishia korongoni. Kila asubuhi kabla ya chai alifagia chini ya michungwa yote, kama watu wanavyofagia ua siku ya harusi. Jani likianguka, aliliondoa. Chungwa likioza, aliliondoa. Matawi makavu, maganda, nyasi zilizopaliliwa, vyote alivijaza kwenye tenga, akaenda kuvimwaga korongoni, mahali ambapo mgeni hafiki. Wapita njia walisimama barabarani wakisema, "Shamba la Semboja hata ukimwaga mchele, unaokota punje zote." Naye alijifanya hajasikia, akafagia kwa nguvu zaidi. Nawajua watu wa namna hiyo. Mimi mwenyewe nimo.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, Mwanaidi, aliyerudi nyumbani baada ya kuachwa na mumewe. Alirudi na sanduku moja na mbuzi wawili. Semboja hakumfukuza, maana watu wangesema. Lakini nyumba ya baba yao ilitazama barabara, na aliona aibu dada aliyeachika aonekane ameketi barazani. Akamjengea kibanda kule chini, ukingoni mwa korongo, hatua chache kutoka pale anapomwaga takataka. Akamwambia kwamba huko kuna hewa nzuri.

Ikapita miaka kumi na mmoja ya kufagia. Michungwa ikaanza kuchoka. Majani yaligeuka manjano, kisha yakawa madogo, na maua yakapukutika kabla ya kushika tunda. Machungwa machache yaliyobaki yalikuwa na ganda nene na uwazi katikati, ukikamua unapata matone. Semboja akanunua mbolea ya mfuko, akaitawanya juu ya ardhi iliyokuwa imekauka na kuwa ngumu kama sakafu. Mvua ya kwanza ikaizoa yote, ikaishusha korongoni. Akadhani ni ugonjwa, akapiga dawa. Miti ikazidi kuwa manjano, na chini yake pakazidi kung'aa.

Mwaka ambao lori la wanunuzi lilipita bila hata kupunguza mwendo, alikata shauri. Michungwa yote ikatwe, ichomwe mkaa. Akawaambia wakata miti waje Jumatatu. Nyumba nzima ilikula kutokana na miti ile, na yeye hakujua kazi nyingine yoyote duniani. Alilia, na hakuna aliyemwona, kwa kuwa hata machozi aliyafuta upesi.

Jumamosi alishuka korongoni na tenga lake kama kawaida. Hata shamba la kufa alitaka life likiwa safi. Mwanaidi alikuwa amesimama pale akimngoja, akamwekea chungwa mkononi. Lilikuwa zito. Alipolimenya, ganda lilikuwa jembamba, na maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akaonja. Ulikuwa utamu alioujua enzi za uhai wa baba yake, na alikuwa ameshausahau. Akauliza limenunuliwa wapi. Mwanaidi alitangulia, naye akamfuata.

Nyuma ya kibanda, juu ya lundo lake mwenyewe la miaka kumi na mmoja, ulisimama mchungwa ambao hakuna mtu aliyeupanda. Ulikuwa umeota kutokana na tunda bovu alilolitupa. Majani yake yalikuwa ya kijani kilichokolea, na matawi yameelemewa hadi yanagusa maboga ya Mwanaidi. Semboja akachomeka vidole chini ya mti ule, na mkono wake ukazama. Udongo ulikuwa mweusi, una unyevu, umejaa nyungunyungu.

Mwanaidi akasema, "Kaka, shamba la baba liko huku. Kule juu umebakiza miti."

Mtu anaweza kuambiwa maneno kama hayo akakasirika, na Semboja alikasirika. Alifungua kinywa amkemee. Kisha akatazama tena ule mkono wake mweusi, hasira ikamwisha, akaketi pale pale juu ya takataka na suruali yake iliyopigwa pasi. Tangu utotoni hakuwahi kuketi mahali pachafu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa ukimwaga na kuondoka," dada yake akasema. "Siku zote hizi, leo ndiyo umeketi."

Jumatatu wakata miti walipofika, waliwakuta kaka na dada wakipanda mteremko, kila mmoja na tenga la udongo kichwani. Waliambiwa wachague, warudi kwao au washike tenga. Mmoja alishika. Kwa majuma sita walipandisha shambani kile ambacho Semboja alikishusha kwa miaka kumi na mmoja. Walilegeza ardhi kwa jembe, taratibu, wasikate mizizi. Waliweka udongo wa korongoni na samadi ya mbuzi, wakatandaza majani makavu juu yake, wakiacha nafasi kidogo kuzunguka kila shina. Katikati ya mistari wakapanda kunde.

Wapita njia walisimama tena. Safari hii walisema, "Semboja kaishiwa, kahamia jalalani." Ilimuuma, tena sana. Kila asubuhi mikono yake ilimwasha, ikautafuta ufagio. Siku moja Mwanaidi aliufungua ule ufagio, akazitawanya chelewa zake chini ya mchungwa wa kwanza, nazo zikaoza pamoja na majani. Semboja aliliona jambo hilo, akaenda kuchota samadi.

Mwaka wa kwanza majani yalirudi kijani, na hayo tu. Wakazidi kucheka. Mwaka wa pili maua yalishika, matunda yakaja, lakini machache. Masika ya tatu yalipokwisha, jamani, michungwa sitini ilizaa kwa pamoja! Matawi yalilazimika kutegemezwa kwa miti ya panda yasivunjike. Machungwa yalijaa mpaka ndani ya mti, mazito, ganda laini, na nyuki hawakuondoka shambani. Lori la wanunuzi likasimama lenyewe. Likajaa, likaenda, likarudi, likajaa tena. Wanawake waliokuja kuchuma walipiga vigelegele mpaka vikasikika ng'ambo ya pili ya korongo, na wale waliokuwa wakicheka barabarani waliingia na matenga yao kuomba udongo kidogo. Semboja aliwapa wote.

Kila aliyemuuliza dawa aliyotumia alijibiwa hivi: "Muulizeni dada yangu. Yuko pale barazani."

Na kweli alikuwa barazani, amekaa kwenye kiti cha baba yao, uso umeelekea barabarani, akimenya chungwa. Ua ulikuwa na majani yaliyoanguka kila mahali. Hakuna aliyeyafagia.

Ninyi mlioketi mbele yangu leo na nguo zenu safi, nami nikiwa miongoni mwenu, nimewaeleza habari ya machungwa na nimemaliza. Nabaki na swali moja tu, na kila mtu alijibu akifika nyumbani kwake: kule chini korongoni, ambako mgeni hafiki, umemweka nani?