Mshale Uliopita Mia Saba

Hapo zamani, si zamani ile ya fisi kuposa binti wa mfalme, ni zamani hii ya juzi ambayo watu hujifanya wameisahau, palikuwa na bibi mmoja juu ya mlima Isyeto. Jina lake Tuntufye, na mali yake nyuki.

Mlimani huko hakuna atundikaye mzinga msituni mpaka akabidhiwe mmoja, mkono kwa mkono, na mwenye nyuki. Ukipewa, una msitu. Usipopewa, wewe ni mbeba moshi: unafukiza nyuki wa wenzio, unaumwa wewe, asali wanakula wao. Sekela alikuwa amebeba moshi wa watu miaka kumi na mmoja.

Kila mwaka nyuki walishushwa bondeni alizeti ikichanua, kisha wakarudishwa juu mizinga ikiwa imezibwa midomo. Ilibidi wafike kabla jua halijakomaa. Gari likizimika kwenye mwinuko wa mawe, nyuki huiva humo ndani kama maharage.

Mwaka huo Bibi Tuntufye akasema, "Miguu imenikataa. Atakayenifikishia nyuki wangu hai, mzinga mama ni wake." Alisema "atakayenifikishia", kana kwamba kuna kitu duniani kilichowahi kufikishwa na mtu mmoja.

Gari lilikuwa la Mzee Ambakisye, la dizeli, lenye tabo, pangaboi ndogo ya kuishindilia injini hewa, inayopiga mluzi. Fundi Nsajigwa alikuwa ametoboa bomba la moshi pale pale linapotoka kwenye injini, akachomeka kijiti cha chuma cha kupima joto la moshi, akavuta waya hadi ndani, kwenye geji ndogo yenye mshale.

"Usiniwekee hilo dude machoni," Mzee Ambakisye akafoka. "Miaka ishirini naisikia injini kwa nyayo zangu. Mke wa kunisuta ninaye nyumbani!"

Fundi hakupenda ugomvi. Akaifunga geji upande wa abiria, karibu na goti la Sekela, aliyepanda kuwalinda nyuki njiani.

"Mshale ukifika mia saba, sema," akamwambia. "Aondoe mguu kwenye mafuta, ashushe gia. Dizeli ukiizidishia mafuta na hewa haitoshi, moto hutoka nje kutafuta cha kuyeyusha."

Wakaondoka bondeni alfajiri. Ukungu ulikuwa umelala barabarani kama ng'ombe asiyetaka kupisha. Nyuma, mizinga thelathini ikinguruma; mbele, tabo ikipiga mluzi; na katikati Sekela, hajalala, hajaamka. Mshale ukapanda, nyuki wakanguruma. Mia nne. Aliona mshale ni nyuki anayepanda shina la ua. Mia tano. Aliona msitu, na mzinga unaning'inia kwenye mti, na mzinga ni wake. Mshale ukapanda, nyuki wakanguruma. Mia sita. Mia saba. Ua lile likawa zuri mno, jekundu kwenye ncha, na mtu hamkatizi nyuki anayekaribia ua.

Sasa, mbele kulikuwa na Kona ya Mapeasi. Wanawake wanaouza matunda pale wana desturi yao: dereva akishusha gia mbele yao, wanapiga mabeseni na kumzomea mpaka apotee machoni. Kwa hiyo madereva wa Isyeto hupanda kona ile na gia kubwa, mguu umekanyaga mafuta hadi chini, uso umetulia kama wa askofu. Mzee Ambakisye hakuwahi kuzomewa pale hata mara moja.

Sekela akazinduka. Mia saba na themanini. Nje ya dirisha, moshi mweusi.

"Mzee, mshale umepita."

"Lala, mwanangu. Tazama geji ya maji, imetulia kama kichanga."

"Maji husikia joto mwisho, mzee. Kama mwenye nyumba asikiavyo ya nyumbani kwake."

Mzee akatazama barabara. Wanawake walikwisha kunyanyua mabeseni. Akatazama geji, mara ya kwanza tangu ifungwe, akiinama kuvuka magoti ya Sekela. Akaguna. Akaondoa mguu. Gia ya tatu. Gia ya pili.

"Kachoka! Kachoka! Mpeni uji!"

"Mpeni na mkongojo, jamani!"

Jasho likamtiririka hadi kwenye ndevu. Mshale ukashuka, nyuki wakanguruma. Mia saba. Mia sita. Mia tano. Walipofika kileleni akashika ufunguo azime. Sekela akamshika mkono: "Bado. Tabo ipoe kwanza, mpaka mia mbili." Wakakaa ndani ya ukungu, injini ikinong'ona, wawili wakiutazama mshale mmoja kama watu wanaomsubiri mgonjwa apate usingizi.

Mizinga ikazibuliwa: nyuki walifika hai, wote.

Alasiri Fundi Nsajigwa akapanda mlima, akafungua bomba, akamulika. Mapezi ya tabo yalikuwa yamegeuka rangi ya zambarau. "Dakika mbili zaidi," akasema, "pistoni ndizo zingekuwa uji."

Kisha akasema, "Mzinga ni wangu. Bila geji yangu, mngeona nini?"

"Uliifunga nisikoweza kuiona," akasema Mzee Ambakisye. "Uliogopa kelele zangu. Mzinga ni wangu. Mguu ulioondoka ni wangu, na aibu niliyokula pale kona ni yangu. Ninyi mlilipa nini?"

"Uliidharau geji mpaka mshale ukapita," akasema Sekela. "Mzinga ni wangu. Mimi ndiye niliyesema."

"Ulisema kwenye mia saba na themanini," fundi akamjibu taratibu. "Mimi nilikwambia mia saba."

Sekela hakuwaambia alichokiota wakati mshale ukipita. Alijua kwamba hawa wawili wakikosa mzinga watarudi mmoja kwenye karakana, mwingine kwenye gari. Yeye atarudi kwenye moshi. Alijua pia kwamba kuhitaji si sawa na kustahili, na hilo ndilo lililomuuma.

"Tuugawe," akasema Mzee Ambakisye, akiwa amechoka.

"Malkia ni mmoja," akasema Bibi Tuntufye. Sikio lake lilikuwa juu ya mzinga mama, macho ameyafumba. "Na wakikaa chini hapa mpaka giza, watahama. Nyoosheni mikono."

Mikono mitatu ikanyooshwa: mmoja una grisi, mmoja una sugu za usukani, mmoja una makovu ya miiba ya nyuki wa watu. Jua limegusa miti. Nyuki wa kwanza ameshatoka, anazunguka.

Bibi haoni vizuri, wasikilizaji wangu, anangoja mumwelekeze. Je, autue mzinga kwenye mkono wa nani?