Siafu Waliokizunguka Kisiki

Hapo zamani za kale, wanangu, wadudu walipokuwa bado na majumba yao na majiko yao, aliishi Nyenje mmoja karibu na kisiki cha mvule. Mkewe alikuwa amekufa, amemwachia mayai sitini udongoni, mbele ya mlango. Asubuhi moja macho meusi yalishaanza kuonekana ndani ya maganda. Ilibaki kutwa moja tu yaanguliwe.

Sasa msicheke: nyenje husikia kwa miguu. Ndiyo, masikio yake yako chini ya magoti ya mbele. Basi akiwa anafagia uwanja, miguu ikamwambia: tapi, tapi, tapi, tapi!

"Mungu wangu! Siafu!"

Siafu wakipita mahali hawaachi hata ganda. Na mayai yale hayabebeki, yangepasuka. Nyenje akaruka hadi njiani, akamkuta Jemadari wao, kichwa kikubwa, taya wazi.

"Shikamoo, Jemadari!"

"Marahaba. Nani wewe?"

Nyenje akashangaa, maana alikuwa amesimama mbele ya uso wake kabisa. Akawaza, hebu nimjaribu huyu.

"Ni mimi Nyenje, jirani wa hapa. Niwie radhi kwa hii kanzu nyeupe, nimetoka harusini."

Hakuwa na kanzu wala kofia. Alikuwa vilevile alivyozaliwa.

"Ah, imekupendeza!" Jemadari akasema haraka. "Nyeupe pee!"

Hapo Nyenje akajua. Jemadari hakuwa na macho. Tangu azaliwe hajaona kitu, na alilionea haya sana jambo hilo hata hakupata kumwambia mtu. Alitembea kwa kunusa ardhi na kupapasa.

"Basi kwa macho yako makali hayo, Jemadari, umeshauona mzoga wa panzi kule nyuma ya kisiki?"

"Nimeuona zamani!"

"Nitangulie nikuimbie njiani?"

"Si lazima. Lakini kama unapenda, haya, imba."

Chiriri, chiriri! Nyenje akatangulia, akikizunguka kisiki kwa mkono wa kushoto. Jemadari nyuma, na nyuma yake siafu elfu. Desturi ya siafu ni hii: kila mmoja humgusa mgongo aliye mbele, humdondoshea harufu kidogo aliye nyuma, na hasemi neno. Kusema ndani ya safu ni utovu wa adabu.

Duara lilipokamilika, Nyenje akaruka pembeni, pwaa! Akanyamaza. Jemadari akainama, akanusa.

"Kuna siafu wametutangulia! Harufu mbichi kabisa! Kazeni mwendo, wasije wakatumalizia panzi!"

Maskini, ilikuwa harufu yao wenyewe.

Wakazunguka. Palikuwa na mzizi mmoja wenye kovu, uliowakwaruza matumbo kila walipoupanda. Mara ya tatu Jemadari akautambua. Hapa tumepita, akawaza. Lakini nikisimama wataniuliza, kwani hukuona? Nitauficha wapi uso wangu? Akapaza sauti, "Tunakaribia! Nauona!" Alijichukia kwa kusema hivyo, na akaendelea kutembea.

Mara ya kumi. Mara ya thelathini. Jua likapanda, likaanza kushuka. Njaa inawauma, miguu imekufa ganzi, na hakuna aliyefungua kinywa. Mnashangaa? Na wewe uliyekuwa ukitikisa kichwa darasani juzi kana kwamba umeelewa hesabu? Haya, nisikutie aibu mbele ya wenzako, tuendelee.

Alasiri miguu ya Nyenje ikasikia: pyu! pyu! Maganda yanapasuka. Vitoto sitini vikatoka, vyeupe, havina mabawa, lakini kila kimoja na umbo la baba yake. Vikaruka majanini, ruu, ruu, hakikubaki hata kimoja.

Nyenje akapanda juu ya kisiki, akacheka mpaka akakaa chini.

"Jemadari! Mnakizunguka kisiki tangu asubuhi! Na kanzu sikuvaa!"

Safu ikasimama. Jemadari akainamisha kichwa hadi taya zikagusa vumbi. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni kweli," akasema. "Sioni, jamani. Sijawahi kuona. Niliona haya kuwaambia, maana nilidhani nyote mna macho ila mimi."

Nyuma yake alikuwa Bi Sikudhani, mzee kuliko wote, aliyemgusa mgongo safari zote. Akakohoa.

"Jemadari, hayo macho yakoje? Mimi nayasikia tu yakitajwa. Nami sioni. Niliogopa utanifukuza."

"Hata mimi," akasema wa tatu.

"Na mimi."

"Na mimi."

Neno likapita mgongo kwa mgongo, likakizunguka kisiki chote, mpaka likamfikia Jemadari kutoka kwa yule aliyekuwa mbele yake. Siafu elfu, na hapakuwa na jicho hata moja. Na ule mzizi wenye kovu, kila mmoja wao alikuwa ameutambua tangu asubuhi.

Nyenje akaacha kucheka. Akateremka upande wa pili, taratibu, bila kuaga.

Ndiyo hivyo, wanangu: aibu unayowaficha wenzako ndiyo adui atakayoitumia kukupoteza njia.