Miguu ya Pofu Aliyoitupa Fisi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa ukame, nyasi zikawa majivu, mito ikawa njia. Pakawa Fisi, mwenye nguvu na mlafi, na Nguchiro, mama wa watoto sita, makazi yake kichuguuni.

Siku moja Fisi akamkuta pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, amekufa katika matope ya mwisho ya bwawa. Akamburuta, buru, buru, buru, hadi pangoni kwake. Nguchiro akaja kuomba japo ukwato akawachemshie wanawe. Fisi akamnyima. Akasema nyama ni ya mkewe na watoto, wanarudi Ijumaa kutoka kwa bibi yao. Kisha akala, akalala, khoroo, khoroo. Usingizini akasikia vijiguu vidogo, tiki-tiki-tiki, akageukia upande wa pili.

Alipoamka akahesabu miguu ya pofu. Mitatu. Akahesabu tena, mitatu. Kabla hajapiga kelele, Nguchiro akabisha hodi.

"Shikamoo, mjomba. Huko nje wanasema umeibiwa. Nikawaambia, mjomba wangu, mvunja mifupa, nani wa kumwibia?"

Fisi akatunisha kifua. "Nani kaibiwa? Mguu ule nimeutupa mwenyewe. Ulikuwa mishipa mitupu."

"Nilijua," akasema Nguchiro, akaenda zake.

Kesho yake Fisi akala, akalala, khoroo. Tiki-tiki-tiki. Kuamka, miguu miwili. Nguchiro akaja na maneno yale yale. Fisi akamwambia ameutupa, nyama ya paja inaleta maradhi ya jongo. Siku ya tatu hakuna mguu, hakuna mbavu. Fisi akasema joto hili halitaki tumbo zito. Na ajabu ni kwamba kila akisema, aliamini. Alikumbuka hata kichaka alikoitupa ile miguu. Ila alipokwenda kutazama hakuona kitu, akarudi akijiuliza kama kilikuwa kichaka kingine.

Ijumaa mkewe akafika na watoto, wote mbavu nje.

"Baba watoto, nyama iko wapi?"

Fisi akaeleza mishipa, akaeleza jongo, akaeleza joto. Mke akasikiliza mpaka mwisho. Akanusa huku na huku. Kule kichuguuni watoto sita wa Nguchiro, matumbo kama vibuyu, walikuwa wakiviringisha mfupa wa pofu.

"Na ule?"

"Ule ni sadaka yangu," akasema Fisi, na papo hapo akakumbuka alivyoitoa.

Mke akageuka. Akawachukua wanawe, akaenda kichuguuni kupiga hodi kwa adabu. Nguchiro akawakaribisha supu, akawaambia watoto wamshukuru baba yao, mkarimu kweli yule.

Fisi akabaki mlangoni peke yake, hajui kakosea wapi. Machozi yakamtoka.

"Vumbi la mwaka huu," akasema. Wala hapakuwa na upepo.

Basi, ngano yangu imechoka, inakaa chini. Funzo lake ni hili: ukiibiwa usihangaike na mwizi, tafuta sababu nzuri, maana sababu hushibisha kuliko nyama. Aliyesikia na ashibe. Aliyesinzia, aseme alikuwa anatafakari.