Matarumbeta ya Kuchakuro Ugenini

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa tarumbeta!
Nani kalipuliza?
Mwenye midomo!
Haya, mwenye masikio asogee. Mwenye usingizi akalale mapajani kwa mama yake.

Hapo kale wanyama wadogo walitaka bendi ya matarumbeta, lakini hawakuwa na hata filimbi. Wakapita nyumba kwa nyumba. Huyu akatoa sufuria, yule akatoa birika. Bi Nungu, mjane, akatoa sinia la shaba alilopewa siku ya harusi yake. Mhunzi akafua, ko, ko, ko! Sufuria zikawa matarumbeta, na sinia la Bi Nungu likawa mdomo wa tarumbeta kubwa la Kobe. Kijiji kizima kikala mihogo ya kuchoma mwaka mzima, maana hakukuwa na cha kupikia. Hakuna aliyenung'unika. Watu wa namna ile mimi nawapenda, sifichi.

Kiongozi wa bendi alikuwa Kuchakuro, mwenye mkia mkubwa kuliko kimo chake. Wakasikia kuna mashindano nchi ya ng'ambo ya mto, wakavuka.

Mwenyeji alikuwa Fisi, na ndugu zake kumi na mmoja, kila mmoja na tarumbeta lake. Wakipuliza, majani yanapukutika mitini. Fisi akawatazama wageni, akayatazama matarumbeta yao, akacheka.

"Karibuni sana! Sheria ya huku mnaijua? Bendi ikishindwa huacha vyombo vyake hapa hapa."

"Hatukuambiwa, Bwana Fisi," akasema Kuchakuro.

"Ndiyo nawaambia sasa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Kobe akaanza kulia. "Sinia la Bi Nungu, ndugu zangu! Nitamtazama vipi usoni?"

"Nyamaza, kaka," akasema Kuchakuro. "Mimi nafika sokoni mara moja."

Sokoni akampigia mchoma nyama wimbo, akapewa mfupa wa goti, wa moto, mafuta yanachuruzika. Akautia kapuni, na kapu akalitundika mbele ya jukwaa, karibu kabisa na pua ya Fisi.

"Bwana Fisi, sisi hatuendi ugenini mikono mitupu. Hii zawadi yako. Ila zawadi ya kwetu hufunguliwa shughuli ikiisha."

"Asante, asante!" akasema Fisi. "Tupige upesi!"

Fisi akapuliza: Paaa! Pua ikanusa, mate yakajaa.
Fisi akapuliza: Paa-blu! Pua ikanusa, mate yakajaa.
Fisi akapuliza: Blu-blu-blu! Mate yakaingia tarumbetani. Ndugu zake nao, blu-blu-blu! Na mpulizaji yeyote atakwambia, tarumbeta lililojaa mate haliimbi.

Mwamuzi, Bibi Tembo, akakunja masikio. "Hii ni bendi, au uji unachemka?"

Ikaja zamu ya wageni. Walijua wimbo mmoja tu, wa kumsindikiza bi harusi. Pepere-pe! Pepere-pe! Kuchakuro akakosea mara mbili, na Kobe akamaliza wenzake wameshainama kushukuru. Lakini midomo yao ilikuwa mikavu, kwa hofu tupu, na wimbo ukasikika.

"Wageni wameshinda," akasema Bibi Tembo. "Na sheria ni sheria. Fisi, wekeni vyombo chini."

Matarumbeta kumi na mawili yakawekwa chini. Mnadhani Fisi alikasirika? Thubutu! Alikuwa ameshafika kapuni. "Asanteni, wageni wema!" akasema, mdomo umejaa. "Mungu awazidishie!"

Wakarudi kwao. Mhunzi akafua tena, ko, ko, ko! Safari hii matarumbeta ya Fisi yakawa sufuria, kila nyumba ikapata yake. Bi Nungu akaletewa sinia zito kuliko la kwanza. Akalipakata, akalia.

"Nilitoa nikijua nimetoa," akasema. "Asanteni, wanangu, kwa kunikumbuka."

Bendi nzima ikalia naye. Kisha ikampigia ule wimbo wao mmoja, na mara hii hakuna aliyekosea.

Watoto wakamuuliza Kuchakuro walishindaje. "Mazoezi," akajibu. "Mazoezi na bidii."

Basi funzo letu ndilo hilo: ushindi hauji kwa hila, huja kwa mazoezi. Kuchakuro mwenyewe kasema, na mimi ni nani nimbishie? Hadithi yangu naiweka hapa chini. Ikiwa tamu ichukueni, ikiwa imechacha nirudishieni.