Konyeza wa Kioo

Hapo zamani, vioo vilipokuwa bado ni tunu, paliondokea Sultani Darweshi, aliyejenga jumba la makumbusho ili raia wasiojua kupiga mbizi wawaone viumbe wa baharini. Lakini samaki hunuka, na pweza aliyekaushwa hatazamiki. Basi akamwita Vuai, fundi wa kioo, fukara asiye na kitu ila tanuri lake na ulimi wake.

Ikawa Vuai huyeyusha chupa zilizovunjika akatoa kaa, pweza na konyeza wa kioo, hata paka wa jumba akakaa chini ya kabati akilia apewe. Waziri Mafudhi, aliyetaka kazi hiyo apewe shemejiye, akaona wivu.

“Maulana,” akasema, “konyeza wa baharini huwasha, amgusaye hupiga yowe. Huyu hata mtoto anampakata!”

“Kweli!” akasema Sultani. “Ewe Vuai, kesho niletee konyeza wa kioo ambaye amgusaye atapiga yowe. La sivyo, tanuri lako litavunjwa.”

“Hewallah, Maulana.”

Vuai akarudi kwake na hofu, kwani bila tanuri hakujua atakuwa nani. Akapuliza konyeza mwingine huku akimlaani Mafudhi. Wekundu wa moto ulipotoweka, kioo kikatulia, kikawa cheupe. Vuai akajisahau, akakigusa. Akaruka hadi mlangoni! Kisha akaketi akacheka peke yake mpaka mbavu zikamuuma.

Kesho yake akaomba ruhusa akakoka moto uani mwa jumba, akaingia barazani na konyeza juu ya sinia la majivu, kioo cheupe pe, kisicho na wekundu hata chembe.

“Maulana, huyu ni mkali. Naomba asiguswe.”

Baraza zima likaangua kicheko. Mafudhi akamwekea konyeza kiganja. “Yallaaa!” Akaruka, kilemba huku, kiatu kule.

“Amekuuma?” akauliza Sultani.

Mafudhi akaona akikiri, Vuai ameshinda. “La, Maulana,” akasema, machozi yakimtoka. “Ni yowe la furaha. Nimeupenda uzuri wake.”

“Alhamdulillahi!” akasema Vuai. “Basi Waziri na amkumbatie, ampeleke mwenyewe kabatini.”

“Naam,” akasema Sultani, “mkumbatie.”

Mafudhi akamtazama konyeza, akakitazama kifua chake. “Ameniuma! Wallahi ameniuma, Maulana, kuliko wote wa baharini!”

Sultani akacheka hata akashuka kitini bila kujua. Vuai akavikwa joho, akajengewa tanuri la pili. Mafudhi naye akapewa kazi ya kupangusa vumbi makumbushoni, na kila ifikapo zamu ya konyeza, ijapokuwa kioo kimekwisha kupoa zamani, humpuliza kutoka mlangoni.