Upinde Uliokuwa wa Kyengo

Ndugu zangu, hebu tumchukue mwanamke mmoja, tumwite Syombua. Tumweke pale mjini Wote, ana duka la dawa za mifugo, na wateja wanampenda kwa sababu anakumbuka ng'ombe wa kila mtu anaumwa nini. Huyu Syombua alikuwa na kaka mmoja tu, Kyengo, na Kyengo alikuwa mpiga mishale.

Sisemi mishale ya kuwindia, ile ya babu zetu. Kyengo alikuwa na upinde wa kisasa wa michezo, ule wenye vigurudumu viwili, kimoja ncha ya juu na kingine ncha ya chini, uzi ukipita katikati. Kompaundi, ndivyo wanavyouita. Kila Jumamosi mchana klabu yao ilikutana kwenye uwanja wa shule, na dada yake alikuwa akifunga duka mapema ili akamtazame. Alipenda ile dakika Kyengo anapouvuta uzi mpaka shavuni kisha ananyamaza kabisa, mwili mzima umetulia, hata kope hazichezi. Syombua alikuwa akimwambia, "Na mimi nifundishe."

Siku ya mwisho alipomwambia hivyo, Kyengo alimjibu, "Nikirudi."

Maana alikuwa amepata kazi ya udereva Uarabuni, na upinde alikuwa ameshauuza ili ajazie nauli. Akaenda. Mwaka wa pili ikaja simu ya ajali ya barabarani. Wakamzika hukohuko, na nyumbani hakikurudi kitu, hata shati. Mnajua hali hiyo ilivyo? Ninyi mliozika mnalo kaburi, mnaweza kwenda mkang'oa majani, mkakaa. Syombua hakuwa na pa kwenda. Alikuwa na neno moja tu, "nikirudi".

Miaka minne ikapita. Kisha siku moja, kwenye kundi la simu la wapiga mishale ambalo hakuwa na moyo wa kujitoa, akaona picha. Upinde uliotumika unauzwa Nairobi. Kwenye mshiko kulikuwa na kipande cha ngozi kilichoshonwa kwa uzi wa kijani, mshono wa mtu asiyejua kushona. Aliujua mshono ule. Alikuwa amekaa jikoni akimcheka Kyengo siku alipokuwa akiushona.

Alfajiri alikuwa ameshapanda gari.

Muuzaji alimtazama mwanamke huyu mfupi wa umbo, akauliza, "Ni wewe mwenyewe utakayeutumia?"

"Ni mimi."

"Basi sogea nikupime. Upinde wa namna hii una mahali ambapo uzi hugota ukivutwa, hauendi tena. Mahali hapo panatakiwa palingane na urefu wa mkono wa mwenyewe. Huu umewekwa kwa mtu wa mikono mirefu. Ukinunua uliotumika, hilo ndilo jambo la kwanza kurekebisha. Ni kazi ya dakika chache." Akachukua spana yake ndogo.

Syombua akaufunika upinde kwa kiganja. "Usiuguse," akasema. "Ulikuwa wa kaka yangu. Nautaka hivihivi alivyouacha."

Yule muuzaji hakubishana. Akaufunga kwenye gunia, akampa.

Sasa fikirieni, ndugu zangu, ni kitu gani hasa alichokuwa akikitafuta mwanamke huyu. Shabaha? Medali? Hapana. Alitaka mkono wake ufike pale mkono wa kaka yake ulipokuwa ukifika. Moyoni mwake alikuwa na hakika kwamba siku uzi utakapogota, mahali palepale ulipokuwa ukigotea kwa Kyengo, atamkuta. Walau kwa pumzi moja. Je, mnamlaumu? Mimi simlaumu.

Akajiunga na klabu. Nguvu alikuwa nazo, maana amebeba magunia ya chakula cha mifugo miaka mingi. Lakini ule uzi ulitaka zaidi ya nguvu. Ilimbidi arudishe kichwa nyuma, apinde mgongo, avute mpaka nyuma ya sikio, na bado uzi haujagota. Akiwa hapo juu anatetemeka, mshale unaponyoka, unakwenda majanini. Uzi ukirudi unamchapa mkono wa kushoto, ndani, palipo laini. Alama hazikupona. Akaanza kuvaa nguo za mikono mirefu dukani ili wateja wasimuulize.

Wenzake wakamwambia, dada, upinde huu si kipimo chako, urekebishwe. Alijibu kwa upole uleule ambao watu walimpendea, "Kaka yangu aliuvuta hivihivi." Akirudi nyumbani anajikanda bega kwa maji moto na kujiambia kwamba tatizo ni yeye. Hajitahidi vya kutosha. Kyengo aliweza. Miezi tisa, ndugu zangu. Miezi tisa anaokota mishale majanini, na kila Jumamosi kaka yake anazidi kuwa mbali, kwa sababu kila mshale ulimwambia, wewe humfikii.

Mwezi wa kumi akarudi Mwalimu Katunge. Huyu mama ndiye aliyeianzisha klabu ile, alikuwa mwalimu wa michezo kabla hajastaafu, na muda wote huo alikuwa Kisumu akimuuguza binti yake. Akamkuta Syombua peke yake mwisho wa uwanja, kichwa nyuma, mgongo umepinda. Akasubiri mpaka mshale ulipopotea. Kisha akanyoosha mkono, akapewa upinde, akavaa miwani, akakitazama kile kigurudumu cha chini kwa muda.

"Huu ni wa Kyengo," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu. Sijabadilisha chochote. Uko alivyouacha."

Mwalimu Katunge akaivua miwani. "Nani amekuambia uko alivyouacha?"

Akaweka kidole kwenye kile kigurudumu.

"Njoo uone. Unaziona namba hizi ndogo? Hiki kiskrubu ndicho kinachoamua uzi ugotee wapi. Kyengo alikuwa kwenye namba nne. Najua, kwa sababu nilikiweka mimi. Huu uko kwenye namba sita. Aliyeununua kwake aliubadilisha, na ni lazima alikuwa mtu mrefu kweli." Akatafuta namna ya kulisema lililobaki, kisha akalisema tu. "Mwanangu, hata kaka yako asingeuweza upinde huu."

Syombua akaketi kwenye nyasi. Miezi tisa ya kuumia, na kipimo alichokuwa akiumia kwa ajili yake hakikuwa cha Kyengo. Kilikuwa cha mwanamume asiyemjua, ambaye pengine hata jina la Kyengo hakuwahi kulisikia.

Baada ya muda akauliza, kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo humu hamna kitu chake?"

"Ulitaka kitu chake gani?"

"Nilitaka nifanye alivyofanya yeye."

"Hilo naweza kukuambia," Mwalimu Katunge akasema. "Hata yeye hakuununua mpya. Siku aliponiletea ulikuwa wa mtu mwingine, na haukumfaa. Alichofanya kabla ya kuvuta hata mara moja, alikwenda pale kwenye ukuta wa stoo, akaegemea, akatanua mikono yote miwili, akasema, Mwalimu, nipime."

Syombua akasimama. Akaenda kwenye ukuta wa stoo, akaegemea, akatanua mikono. Mwalimu akavuta futi kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Katikati ya kazi akasita. "Unajivuta," akasema. "Legeza mabega. Simama kama ulivyo."

Ndipo alipolia. Kwa mara ya kwanza tangu ile simu, alilia mbele ya mtu, mikono yake ikiwa wazi ukutani, na mwalimu akasubiri mpaka amalize, kisha akapima upya. Kiskrubu kikawekwa kwenye namba mbili. Jioni hiyo uzi ulifika pembeni ya mdomo wa Syombua ukagota, na mwili wake ukatulia. Mshale haukupiga katikati. Ulipiga karibu na ukingo wa shabaha, ukakaa.

Sasa, ndugu zangu, tujiangalie. Ni wangapi kati yetu tumeokota mishale majanini namna hii? Wewe baba uliyeachiwa nyumba na baba yako, na kila ukikosea unasema mzee asingekosea. Wewe mama uliyeolewa mahali pa marehemu, unalea watoto wake, na usiku na mchana unajipima na mwanamke ambaye watu wameshasahau kwamba na yeye alikuwa akikasirika. Sisi tuliowapenda waliotangulia, hamu yetu imewaongezea urefu. Tumekivuta kipimo chao mpaka tumekifikisha mahali ambapo wao wenyewe, wakifufuka leo, wasingekifikia. Kisha tunajiita wavivu. Tunaficha alama mikononi na tunasema ni upendo.

Ulizeni waliowajua vizuri. Mtaambiwa kwamba watu wale tunaowalilia walikuwa na siku yao ya kwanza, na siku hiyo hakuna kilichowafaa. Walikuja mbele za Mungu na mikono mifupi au mirefu waliyokuwa nayo, wakapewa kazi inayolingana nayo. Hicho ndicho tunachoweza kukirithi kwao. Mungu hajawahi kumwomba mtu yeyote hapa mkono wa mtu mwingine. Anayo kazi ya mkono wako, na miaka yote hii anakungoja umruhusu akupime.

Kama yuko mtu leo aliyechoka, asubiri tukimaliza, aje hapa mbele. Tutaomba naye, bila haraka.