Mnana Aliyefundisha Kukaza

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa, na Mungu atupe masikio. Zamani hizo, ndege wakisema kama tusemavyo sisi, palikuwa na mnana mjane, Mama Tindo. Mnana ni yule ndege wa manjano anayesuka kiota na kukining'iniza juu ya mto. Masika yaliyopita upepo uliangusha kiota chake, maji yakamchukua mumewe na mayai. Akabaki na kinda lake moja tu, Tindo.

Akalia. Akamshukuru Mungu kwa aliyebaki. Kisha akasema, "Huyu maji hayatamchukua." Akafungua shule, akawafundisha makinda wimbo wa kusuka:

Pinda, pitisha, kaza!
Pinda, pitisha, kaza!
Pinda, pitisha, kaza!

Wakaimba asubuhi, wakaimba adhuhuri, wakaimba jioni. Aliyeimba vizuri alipewa punje ya mtama. Moyo wa Mama Tindo ukatulia.

Hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa, akapita akicheka. "Bi Mwalimu, hii shule au kwaya?"

"Pita zako, we mdomo!"

Mawingu yakaanza kutanda. Mama Tindo akampa mwanawe unyasi. "Haya, baba, suka."

Tindo akapinda, akapitisha.

"Kaza!"

Tindo akavimbisha kifua, akaimba kwa nguvu. Unyasi ukaanguka mtoni.

"Kaza, nimesema!"

"Nimekaza, mama!"

"Umekaza nini?"

"Sauti!"

"Hata sisi, Mwalimu!" wakaitikia wenzake.

Mama Tindo akautazama unyasi ukienda na maji. Kumbe siku zote alisikiliza koo, fundo hakuliangalia. Akasema polepole, "Si kosa lako, baba. Siku zote nilikupa wimbo, sikukupa unyasi."

Tangu hapo hawakuimba. Kila kinda akashika unyasi wake. Ukakatika, akashika mwingine. Ukafunguka, akashika mwingine. Ukaanguka, akashika mwingine.

Hondohondo akarudi. "Mbona kimya? Shule imefungwa?"

"Ndiyo kwanza imefunguliwa."

Viota vilipokwisha kuning'inia, mvua ikashuka. Kiota cha Tindo, kilichokaa upande, kikayumba huku na huku, naye yumo ndani. Mama akafumba macho, akamwomba Mungu. Mvua ilipokatika, akafumbua.

Kiota kipo. Tindo akachungulia.

"Mama, usitue upande huu, fundo limelegea. Nililivuta kwa nje, kumbe linataka kuvutwa kwa ndani. Kesho nalifungua, naanza upya."

Hilo hakuna aliyemfundisha. Mama Tindo akacheka, machozi yanamtoka, akasema, "Ahsante, Mola wangu."

Na hadithi yangu imetua hapo, pamoja nao.